Jukwaa la Shangazi: Wasanii kwenye ua wa mtu

Toleo lililopita niliwasimulia Summer Stock, filamu ya muziki na vichekesho ya studio ya MGM ya Marekani iliyotoka mwaka 1950, na barua zimeendelea kuingia tangu siku ile. Kwa waliokosa toleo hilo: Jane Falbury, anayeigizwa na Judy Garland, ana shamba huko Connecticut. Vibarua wameacha kazi, mavuno yanakaribia, na trekta amelipata kwa deni. Anaporudi nyumbani anakuta mdogo wake, Abigail, amemletea kundi zima la wasanii kutoka New York, kwa sababu amewaahidi banda la shamba walifanye ukumbi. Kiongozi wao ni Joe Ross, anayeigizwa na Gene Kelly, na kila senti aliyokuwa nayo ameimalizia kwenye onyesho hilo. Jane anakubali kwa sharti moja: mnalala hapa, mnakula hapa, basi mtafanya na kazi za shamba. Tuingie kwenye barua.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23, naongoza kikundi cha ngoma na maigizo hapa Tandika. Hatuna ukumbi, tunafanyia mazoezi uani kwa mjomba wangu. Mjomba anafuga kuku wa nyama na mkewe anauza chakula barazani. Mwanzoni alifurahi sana, siku hizi ananuna. Anasema kuku wanashtuka, wateja wanakosa pa kukaa, na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, unakwisha haraka. Wenzangu wanasema mjomba hathamini sanaa. Niliposoma habari za lile banda nikaona ni sisi kabisa. Tufanyeje? — Kiongozi wa Kikundi, Tandika

Marahaba mwanangu. Nianze na hayo ya wenzako, maana yameniuma. Asiyethamini sanaa hakuachii ua wake hata kwa siku moja. Mjomba amewapa alichonacho na sasa kinamtia hasara. Kuku wa nyama wakishtuliwa na ngoma hukimbilia pembe moja, wakalaliana, wa chini wakakosa pumzi. Mfugaji anayepoteza kuku wa wiki ya nne, chakula kimeshaliwa na mteja yuko njiani, ana haki ya kununa.

Ninachokipenda kuliko vyote katika Summer Stock ni kwamba haimdharau mwenye banda. Hadithi za wasanii wanaohangaika mara nyingi humfanya mwenye nyumba adui: anadai kodi, anafoka, watazamaji wanamzomea. Hapa mwenye nyumba ndiye moyo wa hadithi. Jane anaamka alfajiri, ana deni dukani, na mavuno hayasubiri mazoezi yaishe. Wasanii wanapelekwa kwenye mifugo wakiwa bado na usingizi, hawajui hata waanzie wapi. Herb, msaidizi wa Joe anayeigizwa na Phil Silvers, anapanda trekta jipya na kuliharibu. Tunacheka, naam, lakini filamu hailiachi jambo hilo lipite hivihivi. Trekta lile ni riziki ya mtu, na Joe anahakikisha jingine limepatikana. Kuna hata wimbo mzima wa kuambiana kwamba chakula cha jioni kinatafutwa kwa jasho, na Kelly anaucheza juu ya meza ya chakula yenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa na mjomba na mkewe wote wawili, siyo mjomba peke yake, maana barazani ni kwa mke wa mjomba na anayepoteza wateja ni yeye. Muulizeni saa zake za wateja. Mama wa chakula wa Tandika anaanza kujaa saa sita na anapumua saa tisa; mazoezi yaanze baada ya hapo, yaishe kabla ya watu wa jioni. Ngoma na spika zisipigwe uani kabisa. Uani fanyeni maneno na hatua za miguu, halafu ngoma mzipeleke uwanja wa shule siku ya Jumamosi. Nendeni kwa mwalimu mkuu na barua mkononi, mkiwa mmevaa kwa heshima. Umeme mnunue ninyi, kila wiki, na tokeni mumkabidhi mjomba mwenyewe. Kisha wawili kati yenu wawe zamu ya kusafisha vyombo vya maji vya kuku asubuhi, na wawili wengine wabebe sahani mchana. Andikeni yote kwenye karatasi moja, mtie sahihi, ibandikwe ukutani ambapo kila mgeni ataiona.

Kundi nililokulia mimi lilifanya mazoezi nyuma ya baa moja Magomeni. Kabla hatujagusa ngoma tulikuwa tunapanga kreti, tunafagia, tunateka maji. Mwenye baa alikuwa mtu wa maneno machache. Usiku ambao promota mmoja alitoweka na kiingilio chetu chote, tukarudi Magomeni kwa miguu na maleba kichwani, yeye ndiye aliyefungua jiko na kutupikia wali maharage. Hakuwa amesema hata mara moja kwamba anatupenda. Alikuwa ametuona tukifagia.

Jambo la mwisho kwako: onyesho la kwanza lifanyike uani hapohapo, bila kiingilio, mjomba na mkewe wakae mbele, majirani nyuma yao, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe kiti. Katika filamu wakubwa wa mji wanawatazama wasanii kwa jicho la ubaya na wanakaribia kulizuia onyesho. Ninyi wapateni wakubwa wenu mapema.

Shangazi, salaam. Tulikodi ukumbi Sinza, tukaonyesha igizo nililoandika mwenyewe kuhusu mirathi na laana ya ukoo. Saa mbili na nusu, na moshi wa mashine, na taa nyekundu. Watu wakaanza kutoka kabla ya mapumziko. Tangu usiku ule hatujakaa pamoja, kila mtu kimya kwenye simu. Nauliza kama tuvunje kikundi. — Mwandishi, Ubungo

Usivunje, na usiandike chochote kipya kabla hamjaonana. Tafuta The Band Wagon, ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Vincente Minnelli. Naweza kuitazama kila mwezi na bado nikajifunza kitu.

Fred Astaire anaigiza Tony Hunter, mcheza filamu ambaye jina lake limepoa na anarudi Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, kujaribu jukwaa tena. Rafiki zake, mke na mume, wamemwandikia onyesho jepesi la kufurahisha watu. Wanalikabidhi kwa mwongozaji mwenye sifa kubwa, Jeffrey Cordova, anayeigizwa na Jack Buchanan, naye anaona ndani yake hadithi ya Faust, yule aliyeuza roho kwa shetani. Basi linaongezewa moshi, moto, milipuko na mitambo ya kupandisha jukwaa, mpaka wachezaji hawaonani. Usiku wa kwanza, katika mji wa New Haven, watazamaji wanatoka ukumbini wamenyamaza kama waliotoka msibani.

Sasa angalia kinachofuata, hapo ndipo penye dawa yako. Tony anavaa vizuri na kwenda kwenye sherehe kubwa iliyoandaliwa kwa ajili ya ushindi. Hakuna mtu. Anawakuta vijana wa kundi, wacheza nyuma wasiojulikana majina, wamebanana kwenye chumba cha hoteli na chakula kidogo na bia, wanaimba. Humo ndimo onyesho linapofufuka. Wanaamua kulirudisha onyesho la mwanzo, lile jepesi, na kuzunguka nalo miji: Philadelphia, Boston, Washington, Baltimore. Tony anauza michoro yake ya thamani ili nauli na mishahara ipatikane. Na Cordova, aliyewaangusha, hafukuzwi na hakimbii. Anaomba abaki, achezeshwe kama wengine, chini ya Tony. Sijui filamu nyingine ya aina hii inayompa mtu aliyeanguka heshima kama hiyo.

Waite wenzako. Usiwaite kwenye kikao, waite kula. Nunua mihogo na samaki, kaeni chini, muache watu waseme. Baadaye, siku nyingine, mpitie igizo zima mkitafuta jambo moja tu: wapi watazamaji walicheka au walisogea mbele kwenye viti? Hata igizo zito la laana lina mahali watu walipochangamka. Nakisia ni pale ndugu wanapogombania vyombo vya ndani, maana hilo kila mtu mjini hapa ameliona kwao. Anzieni hapo, mkate mengine, mbaki na dakika arobaini.

Dakika zinazobaki zijazeni kwa vitu vingine. Wazazi wako watakusimulia maonyesho ya vikundi vya sanaa kama Muungano, na baadaye TOT, miaka ya 80 na 90. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu, na mtu aliyekuja kwa ajili ya taarabu alitazama igizo, na aliyekuja kwa ajili ya igizo akaondoka akiimba. Wale hawakuwa wanaigiza Broadway. Walimjua mtazamaji wa Dar es Salaam, aliyetoka kazini, aliyelipa kiingilio na bado ana nauli ya kurudi Mbagala. Igizo lako la mirathi likiwekwa katikati ya sarakasi na ngoma, watu hawatatoka.

Mashine ya moshi irudishe kwa mwenyewe.

Bi. Mwandishi, mimi ni mzee wa Ilala. Sinema hizo nimeziona kwenye kumbi za Empire na Avalon tangu ujana wangu. Unazisifia vizuri, lakini sema na hili: watu weusi walikuwa wapi humo ndani? Wanacheza miguu ile tunayoijua sisi, na sisi hatupo. — Mzee wa Ilala

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza linalopaswa kuulizwa, na nitalijibu bila kulizungusha.

Walikuwepo, na walikatwa. Uchezaji ule wa viatu vya kugonga, vyenye vipande vya chuma chini ya soli, ulizaliwa Marekani pale midundo ya watumwa kutoka Afrika ilipokutana na hatua za miguu za Waayalandi. Wacheza bora kabisa walikuwa weusi. Lena Horne aliingia MGM mwaka 1942, mwimbaji mwenye sauti na sura ambayo studio nzima iliijua thamani yake, na mara nyingi nyimbo zake zilipigwa picha kando, mbali na mtiririko wa hadithi, ili majimbo ya kusini ya Marekani, yaliyowabagua weusi, yakitaka yaziondoe na filamu ibaki na maana ileile. Fikiria mtu anapanga kazi yako kwa namna ambayo ukiondolewa hakuna atakayegundua.

Halafu wapo ndugu wawili, wachezaji weusi, Fayard na Harold Nicholas. Mwaka 1948 Gene Kelly aliwataka wacheze naye katika The Pirate, ambayo nayo inahusu wasanii wa kuzunguka: Kelly ni kiongozi wa kundi linalohama mji kwa mji visiwani Karibi. Watatu hao wanacheza bega kwa bega, mavazi sawa, hatua sawa, hakuna bwana na mtumishi. Kumbi za baadhi ya miji ya kusini ziliikata sehemu hiyo. Miaka mitano nyuma, katika Stormy Weather ya mwaka 1943, filamu yenye waigizaji weusi watupu, ndugu hao waliteremka ngazi kubwa wakirukiana vichwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anatua kwa msamba kwenye kidato cha chini yake na kuinuka bila kushika kitu. Nimekitazama kipande kile mara nyingi na wanafunzi wangu. Huwa wanaomba nikirudishe, kisha wanaomba tena.

Na hapa kwetu, mzee wangu, wewe unalijua kuliko mimi: wakati wa ukoloni wakaguzi wa sinema walikuwa na mamlaka ya kuamua ipi Mwafrika aione na ipi asiione. Kwa hiyo kulikuwa na mkasi kule na mkasi huku. Ninazisifia filamu hizi kwa sababu zinaheshimu jasho la mazoezi, na naendelea kuzisifia kwa hilo. Ila kijana anayejifunza miguu kwangu simwonyeshi Kelly kabla hajawaona ndugu Nicholas.

Ningefurahi sana kupata barua nyingine kutoka kwako kuhusu siku za Avalon. Nani alikuwa anakaa viti gani, nani aliuza karanga mlangoni, na watu waliimba wimbo gani wakitoka. Hayo hayajaandikwa vya kutosha na nyie mliokuwepo mnayo kichwani.

Shangazi, nauliza kwa kifupi. Wanaimba huku wanaruka na hawahemi. Pumzi wanaipata wapi? — Mwimbaji wa kwaya, Tabata

Wimbo ulirekodiwa kwanza studio, mtu amesimama ametulia mbele ya kipaza sauti. Siku ya kupiga picha ulipigwa kwenye spika, naye akacheza huku akifuatisha midomo. Hata milio ya viatu mara nyingi iliongezwa baadaye, mchezaji akirudia hatua zake huku akitazama picha. Ndiyo maana kila kitu kinasikika safi.

Ninyi wa kwaya mnaorekodi video mnafanya hivyohivyo, kwa hiyo si jambo geni kwako. Jukwaani, mubashara, usijilazimishe. Gawa kazi: ubeti uimbwe mkiwa mmetulia, kucheza kuje kwenye kipande cha ala, na anayeongoza sauti asipewe hatua nzito sekunde chache kabla ya kuimba. Judy Garland mwenyewe, mwishoni mwa Summer Stock, amevaa koti jeusi la kiume na kofia, anatembea na kutupa bega zaidi kuliko anavyoruka. Kurukaruka kumeachiwa vijana waliomzunguka. Wimbo ule ulipigwa picha muda baada ya sehemu nyingine za filamu kumalizika, na ndio uliokuja kuwa maarufu kuliko filamu yote.

Habari za kazi Shangazi. Nataka kujifunza kucheza kwa viatu vya kugonga. Viatu vyenyewe sivioni madukani. Nifanyeje? — Kijana wa Kigamboni

Nzuri mwanangu. Kabla ya viatu, tazama kipande kimoja cha Summer Stock. Kelly yuko peke yake kwenye jukwaa la banda, anapiga mluzi. Anakanyaga ubao mmoja, ubao unalia. Anasimama. Anaukanyaga tena kwa makusudi, unalia tena. Anakwenda mbele kidogo anakanyaga gazeti lililoachwa sakafuni, nalo linachakacha. Sasa ana sauti mbili, na kwa sauti hizo mbili anatengeneza mdundo: ubao, gazeti, ubao, gazeti. Kisha analichana gazeti katikati kwa miguu tu, kila mguu unateleza na nusu yake, halafu anazichana nusu hizo tena. Hakuna kingine pale, hakuna pambo wala mchezaji mwenzake. Fanya zoezi hilo nyumbani kwa kandambili na gazeti la jana mpaka masikio yako yajue miguu inasema nini.

Viatu: chukua viatu vya ngozi vya kufunga kamba, soli ngumu, visikubane wala kupwaya. Mpelekee fundi viatu, Kariakoo wapo wengi na hata hapo Kigamboni feri, akukatie vipande vya alumini nene, kimoja mbele chini ya vidole na kimoja kwenye kisigino, kingo azipige tupa ziwe laini. Avifunge kwa skrubu fupi zisizotokeza ndani. Skrubu ya mbele aiache imelegea kidogo ukitaka mlio mpana, aikaze ukitaka mlio mkavu.

Usichezee juu ya saruji hata siku moja, wala vigae. Magoti yatakwisha ukiwa bado kijana. Nunua karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, chini yake pigilia mbao za 2 kwa 2 kwa nafasi sawa ili pawe na hewa, na ukimaliza mazoezi isimamishe ukutani mvua isiifikie. Majirani waambie mapema utakuwa unagonga saa ngapi.